Yupo na Hayupo, Darasa la Pili

12 Januari 1998, Jumatatu

Nimefika Kumuhama jana kwa lori la mahindi. Daktari Asmahani alinishusha sokoni Kasulu, akanipa madaftari mawili na saa ya mkononi, akarudi kwenye gari lake. Daftari la kwanza lina fomu. La pili ni tupu. "Humo andika kila kisichoingia kwenye fomu," alisema. Ndilo hili.

Kazi yenyewe ni utafiti wa umakini na ukuaji wa watoto. Shule kumi na mbili za wilaya, watoto wanane wa darasa la pili kila shule, na kila shule imepewa mwalimu mstaafu mmoja kama mimi. Nakaa nyuma ya darasa, namtazama mtoto mmoja kwa dakika ishirini. Kila sekunde kumi na tano naandika herufi moja. Y, yupo. H, hayupo. Alama themanini kwa kila zamu. Baadhi ya hao wanane mwalimu wao amesema ni wazito au wasumbufu, wengine ni wa kawaida, na mimi sikuambiwa nani ni nani.

Sisemi na mtoto. Simwambii mwalimu ninachoona. "Wewe ni jicho, Mzee Tharsisi, si mdomo," Daktari alisema. "Ukifungua mdomo watabadilika, na tutakuwa tumepima maneno yako, si watoto."

Nimefundisha miaka thelathini na mmoja. Sijawahi kukaa nyuma ya darasa.

13 Januari

Chumba changu kiko nyuma ya duka la Hamis. Kitanda, meza, msumari wa kutundikia koti. Mvua haijakatika tangu asubuhi. Wanaiita El Nino, kama jina la mtu waliyemzoea.

15 Januari

Watoto themanini na mmoja, madawati kumi na manne. Wengine wamekaa chini kwenye matofali. Mwalimu wao ni Stanislaus, kijana wa miaka ishirini na sita, sauti yake imeshakauka kama ya mzee. Siku ya kwanza watoto waligeuka kunitazama. Leo hawageuki tena. Nimekuwa kama mlingoti.

16 Januari

Mvua. Bati lilipiga kelele hata Stanislaus akaacha kufundisha, akaandika tu ubaoni.

20 Januari, Jumanne

Nimewaona wote wanane mara moja moja. Yule anayeitwa Tamimu hachukui hata dakika mbili kabla hajamfinya jirani. Alama zake za H zinafuatana kama siafu: akitoka, ametoka, anakaa huko nje ya somo mpaka aitwe jina. Hao nawajua. Nimewafundisha mamia.

Mmoja simwelewi. Ni msichana wa miaka minane, Divine, binti wa Nkunzimana. Anakaa mbele, anatazama ubao, anasonga mbele na wenzake. Halafu H. Halafu Y tena, kana kwamba hakuna kilichotokea. H yake inakuja peke yake, kama shimo la panya katikati ya uwanja uliofagiwa. Nimehesabu kumi na moja katika themanini.

22 Januari

Leo Stanislaus aliwasomesha kwa zamu. Divine alisimama, akasoma, "Mama anapika u..." akanyamaza. Darasa likasubiri. Kope zilimchezacheza kidogo, macho yakapanda juu. Kisha akaendelea, "...gali," lakini Stanislaus alikuwa ameshamfikia.

"Ulikuwa wapi?"

"Hapa, mwalimu."

"Nimekuuliza, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasoma, mwalimu."

Fimbo tatu za mkononi. Hakulia. Alitazama mkono wake kama mtu anayetazama barua iliyoandikwa kwa jina la mwingine.

Nimeandika Y, kwa sababu wakati anapigwa alikuwepo.

23 Januari

Hakuna cha kuandika. Nimekula ugali wa muhogo na dagaa, nimelala mapema.

27 Januari, Jumanne

Mapumziko ya saa nne mvua ilikatika, wasichana wakatoka kuruka kamba. Hiyo si kazi yangu, fomu ni za darasani. Nilisimama barazani kwa sababu sikuwa na pa kwenda.

Divine anaruka vizuri kuliko wote. Alikuwa anacheka. Akaruka mara ya tisa, mara ya kumi, na kamba iliporudi akawa amesimama wima, mikono imening'inia, kamba ikampiga miguuni ikaanguka. Wenzake walilalamika kwamba anaharibu. Nilitazama saa. Sekunde nane. Kisha akaruka juu, kamba ikiwa chini kwenye tope, akashangaa kuikuta huko.

Mtoto anayechoka na hesabu hutoroka hesabu. Nani anatoroka kamba?

30 Januari, Ijumaa

Idi. Hamis alinigongea, "Mwalimu, huwezi kula peke yako leo, majirani watanisema." Mkewe alipika pilau, watoto wao wakavaa mpya. Hamis asili yake Ujiji, lakini anasalimia wateja "mwakeye" kama Muha aliyezaliwa hapa. Walinikalisha pazuri, wakanijazia sahani mara mbili. Nilikaa katikati ya watu kumi na mbili, nikawa namsimulia mke wangu Maximilla kimoyomoyo kila kitu, pilau, nguo za watoto, namna Hamis anavyocheka. Machi itatimia miaka miwili tangu nimzike, na bado namwekea habari.

3 Februari, Jumanne

Nimevunja amri.

Divine amechapwa tena, safari hii kwa kuruka mstari mzima wa imla. Nilimngoja Stanislaus watoto walipotoka.

"Mwalimu mwenzangu, yule binti hazubai."

Alicheka kwa uchovu. "Mzee, wewe umekaa nyuma na saa. Mimi nina themanini na mmoja. Nikimwacha mmoja azubae, kesho ni kumi."

"Mtazame macho yake siku moja. Usimpige, mtazame tu."

"Hiyo ndiyo kazi uliyotumwa?"

"Hapana," nikasema. "Nimetumwa ninyamaze."

Alifuta ubao kwanza, wote, taratibu. "Ulipokuwa unafundisha, wewe hukuchapa?"

Sikumjibu.

4 Februari

Nitamjibu hapa.

Mwaka 1974, nikifundisha huko Kibondo, nilikuwa na mtoto anaitwa Melkiadi. Alikuwa anakatika katikati ya sentensi. Nilimchapa mwaka mzima. Nilifika mahali nikawa namngoja akatike. Walimu wenzangu walinisifu kwamba darasa langu limetulia. Melkiadi aliacha shule akiwa la tatu. Miaka mingi baadaye nilimkuta mnadani, mtu mzima, shavu na sikio la kushoto yamekakamaa kwa moto. Nilimuuliza kulikoni, akasema aliangukia jikoni kwao, hajui ilikuwaje. Alinipa mkono kwa adabu, akaniita mwalimu. Nikanunua nilichofuata, nikaenda zangu.

Siku ile sikuunganisha. Nimeunganisha jana, Stanislaus alipokuwa anafuta ubao.

8 Februari, Jumapili

Baada ya misa nimekwenda kwa kina Divine, njia ya bondeni inayoelekea Nyakitonto. Utelezi mtupu. Baba yake, Nkunzimana, alikuwa anapalilia maharage. Alipoona daftari kwapani mwangu alisimamisha jembe.

"Hilo la nini?"

"La shule. Nataka kuzungumza habari za Divine."

Mkewe, Rosa, alinitolea kigoda. Nkunzimana hakuketi. Alisema alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, mwaka sabini na mbili, na watoto wake sita wote wamezaliwa pale. Alisema tangu Septemba askari wanazunguka vijijini wakikusanya Warundi wanaoishi nje ya kambi, wapya kwa wa zamani.

"Kila mtu anayekuja na daftari siku hizi anataka jina, Mwalimu."

Nikasema nataka wampeleke hospitali. Rosa alitaka kuuliza kitu. Nkunzimana akamtangulia, "Hospitali nako wanaandika." Akaniaga kwa heshima zote, akarudi kwenye maharage.

Divine alikuwa amekaa mlangoni akichambua dagaa. Sikusema naye. Amri hiyo moja nimeishika.

10 Februari

Leo Stanislaus alimwita Divine asome, na alipokatika hakuinua fimbo. Alisubiri. Nilimwona midomo ikihesabu. Kisha akanitazama juu ya vichwa vya watoto wote wale.

17 Februari, Jumanne

Malori yalifika jana wakati wa mchana. Matatu. Askari walikuwa na orodha, lakini pia waliuliza majirani. Kina Nkunzimana walipewa muda wa kufunga godoro na masufuria. Maharage yako shambani. Familia saba zimechukuliwa kutoka bondeni, zinapelekwa Mtendeli, upande wa Kibondo.

Hamis alinisimulia akiwa nyuma ya kaunta, bila kunitazama. Kisha akasema, "Watu wanazungumza, Mwalimu. Wanasema ulikwenda kule Jumapili ile na daftari."

18 Februari

Fomu ina kisanduku cha mtoto ambaye hayupo shuleni. Uchague: mgonjwa, mtoro, amehama. Nimekiacha wazi.

19 Februari

Mwanamke niliyezoea kununua kwake ndizi leo alisema zimekwisha. Zilikuwa mbele yake.

20 Februari

Mvua.

23 Februari

Mvua. Hakuna anayenisalimia kwanza. Nikisalimia, wanaitikia.

26 Februari

Nimemwandikia Daktari Asmahani. Nimeeleza yote, la Stanislaus, la kwenda nyumbani kwao, la kamba. Nimenakili mistari ya alama za Divine na ya Tamimu, mmoja chini ya mwingine, aone mwenyewe. Gari la Kasulu halijapita siku sita, daraja limezama. Barua iko mezani.

6 Machi

Imeondoka.

9 Machi

Miaka miwili. Nilitaka kwenda kaburini, barabara ya Kibondo imekatika sehemu mbili. Nimewasha mshumaa kanisani hapa, kwa watu ambao hawakumjua. Stanislaus alikuja kukaa karibu yangu kwenye benchi. Hakuuliza ni wa nani. Tulikaa mpaka ukaisha.

21 Machi, Jumamosi

Nilitoka Alhamisi. Lori mpaka Kasulu, lori jingine mpaka Kibondo, tukisukuma kwenye tope mara nne. Nyumbani kwangu nimekuta paa la jiko limeanguka. Nimelala hapo usiku mmoja, na leo nimeingia Mtendeli pamoja na wauza mihogo wa sokoni.

Kuwatafuta watu wanane katika maelfu si kazi ndogo. Turubai moja linafanana na jingine mpaka unapoona wameanika nini. Nilimjua Rosa kwa kanga yake.

Nkunzimana alikuwa anachimba mtaro kuzunguka hema. Aliniona akaendelea kuchimba.

"Uliandika jina langu, Mwalimu. Wiki moja, malori yakaja."

Nikamfungulia daftari la fomu. "Hiki ndicho nilichoandika. Jina la mtoto lipo. Lako halipo, wala la kijiji chenu halipo. Hayo mengine ni herufi mbili tu."

"Mimi sisomi."

"Divine anasoma."

Rosa alimwita. Mtoto alikuja akijifuta mikono, akanitazama kwa mara ya kwanza usoni, akachukua daftari. Baba yake akasema, "Soma. Kila kitu."

Akaanza, kidole kikifuata. "Y. Y. Y. Y. H. Y. Y. Y. Y. Y. Y. H. Y. Y..."

Kidole kikasimama. Kope zikacheza. Rosa aliinua mkono kumgusa, nami nikamwomba asubiri. Mtaa mzima wa kambi uliendelea na kelele zake, mtu anapasua kuni, redio inaimba, na katikati yake mtoto yule alisimama kama nyumba iliyohamwa. Sekunde tisa.

"...Y. Y. Y," akaendelea Divine. Kisha akaona tunavyomtazama. "Nimekosea?"

"Hapana," nikasema.

Nkunzimana alikuwa ameweka jembe chini. "Anafanya hivyo tangu akiwa na miaka mitano," alisema. "Tulisema ni usingizi. Mama yangu alisema tumwache, mtoto anasikiliza wazee waliotangulia." Akaonyesha daftari kwa kidole. "Hiyo H ni hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Ni nyingi."

Alinitolea dumu nikalie. Hakusema ananiamini, alisema tu, "Kaa, ardhi imelowa."

23 Machi, Jumatatu

Hospitali ya kambi ina foleni inayoanza alfajiri. Tulionwa saa saba na muuguzi wa Kirundi, Nduwayezu, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kabla ya vita alifanya kazi Bujumbura, hospitali ya magonjwa ya akili. Nilimpa daftari badala ya kueleza. Alisoma kurasa nne bila kuinua kichwa.

"Nani alikufundisha kuandika hivi?"

"Ni fomu ya utafiti tu."

"Utafiti unatafuta nini?"

"Umakini."

"Huyu umakini wake uko muzuri," alisema. "Tatizo yake iko ingine."

Alichana kipande cha karatasi, akakitoboa na uzi, akakining'iniza mbele ya pua ya Divine. "Mutoto wangu, upulize hii karatasi. Isiguse chini. Nguvu, tena, tena. Usiache mpaka niseme."

Divine alipenda mchezo huo. Alipuliza, karatasi ikapaa, ikarudi, akapuliza. Dakika moja. Alikuwa anatabasamu kati ya pumzi na pumzi. Dakika mbili. Nkunzimana alianza kuniangalia kana kwamba tumeletwa kwa mganga wa kuchezea watoto. Kwenye dakika ya pili na nusu karatasi ilishuka, ikaning'inia. Macho yalikuwa yamepanda juu. Nduwayezu alisema polepole karibu na sikio lake, "Ndizi. Nyekundu. Kigoma." Akahesabu kwa vidole. Kumi na mbili.

Divine akapuliza.

"Nimesema maneno gani?" Nduwayezu akamuuliza.

"Umesema nipulize."

"Baadaye?"

Alifikiri kwa bidii. "Hujasema kitu."

Nduwayezu alivua miwani, akawageukia wazazi. Akawaambia kwa Kirundi kwanza, taratibu, kisha akaturudishia kwa Kiswahili. Ni kifafa, kile cha kuzimika bila kuanguka. Hakiambukizi. Asizuiwe kula na wenzake. Asiachwe karibu na moto wala mtoni peke yake. Si kiburi, si uvivu, si wazee. Neno kifafa lilipotoka Rosa alimvuta mtoto kwake, na watu wawili waliokuwa kwenye benchi letu walisogea. Nduwayezu aliwaona. Akaja akakaa kwenye nafasi waliyoacha, bega kwa bega na Divine, ndipo akamalizia.

Dawa aliyo nayo ni fenobabito, na kwa aina hii haisaidii, huweza kuzidisha. Inayofaa haipo kambini. Aliniandikia jina lake nyuma ya fomu yangu.

Wakati tunatoka nilivunja kabisa amri ya mwisho. Nilimuuliza Divine inakuwaje.

"Inakuwaje nini?"

"Ukikatika."

"Mimi sikatiki," akasema. "Watu ndio wanaruka. Mwalimu anasema kitu, halafu anaruka, yuko mbele, amekasirika." Alitembea kidogo. "Nilidhani kila mtu anarukwa. Nilidhani wenzangu wanajua tu kukisia."

24 Machi

Nimempigia Daktari Asmahani simu kutoka posta ya Kibondo. Barua yangu ilikuwa imemfikia. Alikuwa mkali. Alisema shule yangu imeharibika, kwamba mwalimu aliyeambiwa si mwalimu aliyepimwa, kwamba atalazimika kuitoa yote kwenye utafiti. Nikamwambia ni kweli. Nikamsomea jina la dawa. Nilidhani laini imekatika.

"Lirudie," akasema. "Herufi kwa herufi."

27 Machi

Nimerudi Kumuhama. Nikirudi Kibondo kabisa itakuwa sawa na kukubali wanayosema. Nimemweleza Hamis nilichokwenda kufanya Mtendeli, naye hufunga duka akiwa amewaeleza watu thelathini.

30 Machi

Ndizi zimepatikana.

12 Aprili

Pasaka. Mvua.

25 Aprili, Jumamosi

Kifurushi kimefika na gari la Kasulu, kutoka Dar es Salaam. Dawa ya miezi sita, na barua ya mistari mitatu kwa Nduwayezu kuhusu kipimo cha kuanzia. Kwangu hakuna neno. Kesho naondoka.

15 Mei, Ijumaa

Mvua imeisha wiki hii, ghafla, kama mtu aliyesahau alichokuwa anasema. Niko Mtendeli tena tangu Jumatano; dawa Divine ameanza kunywa mwisho wa Aprili.

Shule ya kambi ni nguzo na turubai. Mwalimu wa Divine aliniruhusu kukaa nyuma. Sikuwa na fomu tena, nilichora mistari kwenye daftari hili. Jana dakika ishirini: Y zote isipokuwa mbili, na leo isipokuwa nane. Leo nilipata hofu. H nane, na zote zimefuatana.

Niliinuka kidogo nione anachotazama. Nje, mbuzi alikuwa amepanda juu ya tangi la maji na hajui kushuka. Divine alikuwa anamtazama mbuzi. Mwalimu alimwita jina mara moja, akageuka, akajibu saba, na saba ilikuwa sahihi. Kisha akarudi kwa mbuzi.

Nilifunga daftari, nikatoka nje, nikasimama nyuma ya choo cha shule kama mtu mwenye shida nyingine, mpaka nikaweza kurudi.

Mchana alikula na wenzake, wakagombana, wakapatana. Alinipita mara mbili bila kuniona. Nkunzimana alisema wamewaandikisha rasmi kambini, hajui kama watarudi bondeni. Alisema mwaka huu maharage yake yamevunwa na watu wasiomjua. Akanipa mkono kwa mikono yake miwili.

29 Mei, Ijumaa

Nilipita mnadani kumtafuta Melkiadi, wakanielekeza tanurini kwake. Ana mke na watoto wanne, anachoma matofali. Nilimweleza yote, ugonjwa, jina lake, na kwamba nilimchapa kwa jambo ambalo hata yeye hakujua limetokea. Alisikiliza huku mkono ukiwa shavuni, lile lililoungua.

"Kwa hiyo sikuwa mjinga," alisema.

"Hapana."

Aligeukia tanuri lake, akasogeza tofali moja. Hakuniambia amenisamehe, nami sikuomba. Aliuliza tu kama dawa hiyo inaliwa na mtu mzima pia, nikamwandikia jina la Nduwayezu.

4 Juni 1998, Alhamisi

Daktari Asmahani amekuja mwenyewe Kumuhama kukusanya daftari. Vumbi limempaka mpaka kwenye kope. Alikaa kwenye kitanda changu kwa sababu kiti ni kimoja, akakubali chai ya mke wa Hamis.

"Shule yako nimeitoa, Mzee. Lazima ujue hilo. Itakuwa shule kumi na moja."

"Najua."

"Na sitakuchukua tena kwa kazi ya kuhesabu."

"Hilo pia najua."

Alizungusha kikombe. Alikuwa na boksi la fomu za shule nyingine miguuni, amelishusha garini ili lisiibwe. Nilimuuliza kama amezisoma. Alisema zitaingizwa kwenye kompyuta, zinajumlishwa: Y ngapi, H ngapi, kwa asilimia.

"Ukijumlisha, Divine na Tamimu ni mtoto mmoja," nikamwambia.

Aliweka kikombe chini, akafungua boksi. Akanipa rundo, akachukua rundo. Tulisoma watoto themanini na wanane, mstari kwa mstari, tukitafuta H iliyokaa peke yake, na tena, na tena. Hamis alikuja mara moja mlangoni, akaona, akaondoka. Jua lilipofika kwenye meza Daktari alikuwa na fomu moja pembeni, mimi nilikuwa na moja.

"Huenda si chochote," alisema.

"Huenda."

Akaandika vijiji viwili kwenye kikaratasi, akakaa nacho mkononi, kisha akakiweka mbele yangu. Alisema gari lake linapita njia ya kijiji cha kwanza kesho asubuhi, na kwamba safari hii ruhusa ninayo ya kuongea.

Mtoto wa kijiji cha karibu anaitwa Saady. Ana miaka tisa. Chini ya fomu yake, penye nafasi ya maoni ya mwalimu, imeandikwa neno moja: hasikilizi.